Bakapu ya kila siku kwenye kompyuta ya AMCOS: usibandike ya leo juu ya ya jana

Mkuu, umeuliza kompyuta ya AMCOS yenu (chama cha ushirika cha wakulima) hapo Newala itajikopi vipi yenyewe kwenda diski ya nje, badala ya wewe kubandika folda juu ya ile ya jana kila jioni. Huko kubandika kuache leo. Faili likiharibika Jumatatu bila mtu kuona, Jumanne bovu linafuta zima. Mimi nahudumia vyama kadhaa huku Masasi, na kilo za mkulima kutolingana na stakabadhi mara nyingi hugundulika siku ya malipo, mnada ukiwa umeshapita. Hapo unatafuta faili la siku alipopima korosho, la jana halikusaidii.

Kwa kuwa mashine yako inatumia Ubuntu, si Windows, weka rsnapshot, programu ya kutunza nakala za tarehe tofauti. Mimi hutunza nakala saba za siku, nne za wiki na sita za mwezi. Mpya ikiingia, ya zamani kabisa inatoka. Diski haijai haraka, maana faili lisilobadilika halikopiwi upya, nakala zote zinaelekea kwenye data ile ile. Ila diski iwe imefomatiwa kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux; FAT32, inayokuja na diski nyingi ndogo, haiwezi hilo.

Kwenye faili la mipangilio yake, /etc/rsnapshot.conf, kati ya kipengele na kipengele bonyeza Tab. Ukiweka nafasi za kawaida inagoma, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Endesha amri ya rsnapshot configtest mpaka ijibu Syntax OK. Halafu kwenye faili hilo hilo no_create_root iwe 1, tafadhali usiruke hili: diski isipochomekwa kazi inasimama, la sivyo nakala zitarundikana ndani ya mashine ile ile nawe ukiamini uko salama.

Maelekezo mengi yanakuambia utumie cron, kipangaji cha kuendesha kazi kwa saa maalumu, saa nane usiku. Ofisi zetu huzimwa jioni, na umeme tunaujua. Kazi ya cron ikipitwa na saa yake imepita. Tumia anacron: asubuhi ukiwasha mashine inaangalia kilichokosekana na kukifanya. Panga nakala ya mwezi itangulie, ifuate ya wiki, ya siku iwe mwisho.

Kabla minada ya Oktoba haijaanza, chukua faili la wiki iliyopita kutoka kwenye diski, lifungue, tafuta jina la mkulima mmoja ulinganishe kilo na kitabu. Nunua na diski ya pili, mzibadilishe kila Ijumaa, moja ilale nje ya ofisi. Ukikwama, bandika hapa majibu ya configtest tuyaangalie.