Ukijenga Mahali pa Kutafakari Pwani, Anza na Sikio

Watu wanaopanga kujenga mahali pa mafungo na tafakuri hapa Pwani huniuliza kwanza kuhusu mandhari: bahari ionekane wapi, mbuyu ubaki upande gani. Mimi huwaambia wakalale kwenye kiwanja usiku wa Jumamosi kabla hawajalipa hata shilingi. Mgeni wako atakaa amefumba macho. Kitakachomfikia ni sauti, kisha upepo, kisha joto. Hilo ndilo tulilolishika tulipojenga ukumbi wetu nje ya mji wa Kilifi, na kadiri kazi ilivyosonga ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mambo mengi yanayolinda mazingira ndiyo hayo hayo yanayolinda utulivu.

Tuanze na paa. Mvua ya masika ikipiga mabati, mtu aliye hatua mbili mbele yako humsikii. Makuti huipokea mvua kwa upole, na mchana hayakuchomi utosi. Tena husukwa na akina mama wa vijiji vya jirani kwa minazi ya hapa hapa, kwa hiyo pesa hazisafiri mbali. Lakini makuti yana masharti yake. Mwinamo wa paa usipungue nyuzi 45, ili maji yateleze kabla hayajapenya. Na yapangwe kwa kubanana. Mzee aliyetuezekea alipima kwa upana wa kiganja, kuti juu ya kuti, na kijana wake alipoyaachanisha ili amalize mapema, alimwamuru afumue safu nzima. Nilisimama chini nikitazama, nikafurahi, maana paa lililoezekwa kwa ubahili ndilo linalowafanya watu waseme makuti hayadumu.

Makuti hayafai kukusanyia maji ya mvua, na yanashika moto upesi. Kwa sababu hizo mbili, jiko, bafu na stoo vijengwe mbali na ukumbi, viezekwe kwa mabati, na maji ya mvua yakingwe huko. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, linakupa lita 60,000 kabla hujatoa zile zinazopotea.

Sasa upepo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu michoro mingi ninayoonyeshwa inakosea hapo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki na kutawala katikati ya mwaka. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri linapiga kuta fupi tu, na pepo zote mbili zinaingia kwa mshazari. Hapo mchoraji anaweka madirisha ya kawaida, kizingiti cha chini kikiwa mita 1 kutoka sakafuni. Aliyeketi mkekani kichwa chake hakifiki hapo! Upepo wote unapita juu yake, naye anatoka jasho. Teremsha kizingiti hadi sentimita 30 hivi, na uache matundu juu karibu na kipaa ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Ukiweka wavu wa mbu, panua dirisha, kwa kuwa wavu hupunguza upepo. Kanuni hiyo ya hewa baridi kuingia chini na ya moto kutoka juu ndiyo aliyoitumia Francis Kéré, mbunifu wa majengo aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022, katika chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana. Minara yake mirefu ya kupitisha hewa ilitokana na vichuguu vya mchwa vya eneo hilo.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe ya kale, yanayochimbwa nchi kavu. Matumbawe hai baharini hayaguswi. Lipu iwe ya chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, na baada ya muda lipu inabanduka, ilhali chokaa huuacha ukuta upumue. Chokaa nayo huchomwa kwa kuni nyingi, basi muulize muuzaji kuni zake zinatoka wapi. Kwa nguzo na mapao tulichagua mivinje ya mashambani badala ya boriti za mikoko, na kila nguzo ikakalishwa juu ya jiwe ili mchwa wasiifikie kwa urahisi. Msitu wa asili usiuguse kabisa. Kaya za Mijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, zimebaki na miti yake kwa sababu wazee walikataza kukata, na jirani wa kaya anapaswa kuifuata miiko hiyo kama mwenyeji.

Jenereta sitaki hata kuisikia. Pampu ya maji itumie sola na ifanye kazi mchana tu, ipandishe maji kwenye tangi la juu, usiku yashuke yenyewe. Njia za kwendea ukumbini zimwagiwe mchanga. Kokoto chini ya kandambili saa kumi na moja alfajiri huamsha kambi nzima.

Choo ndicho watu hukiacha mwisho, nami ningekiweka mbele. Mwamba wa matumbawe una vinyweleo na nyufa nyingi, kwa hiyo maji ya shimo hufika upesi kwenye kisima chako na cha jirani. Jenga choo cha mboji kinachotenganisha mkojo, chenye vyumba viwili vinavyopokezana, na ndoo ya majivu pembeni. Chumba kikijaa kifunge mwaka mzima au zaidi, ndipo mboji yake uipeleke kwenye miembe. Na katika bajeti ya kila mwaka tenga fungu la makuti mapya, ukakubaliane na wasukaji mapema, kwa sababu masika ikikaribia kila mwenye nyumba anawatafuta.