Rubani aligusa au alibonyeza?

SWALI: Msomaji wa Masasi anaandika: "Mimi na wenzangu tunafuatilia tamthilia za vyombo vya anga za juu. Tunasimamisha picha, tunachunguza kompyuta za chomboni, kisha tunaandika maelezo kwa Kiswahili. Mwenzangu kaandika 'rubani alibonyeza skrini'. Mimi nasema 'aligusa'. Nani yuko sahihi? Na ule ubao ni skrini au paneli?"

JIBU: Uko sahihi. Siku hizi kidole kikikutana na kifaa chochote, basi kimebonyeza! Uvivu huu unaudhi, kwani vitenzi vya vidole tunavyo tele.

"Bonyeza" imezaliwa na "bonyea", yaani kuingia ndani kwa kusukumwa. Kisichobonyea hakibonyezwi. Msimu ukifika, chukua bibo lililoiva, korosho yake ikiwa bado inaning'inia. Sukuma bibo kwa kidole gumba: nyama inazama, maji yanachuruzika, kishimo kinabaki. Umebonyeza. Sasa hamishia kidole hicho hicho kwenye ganda la korosho, usukume kwa nguvu ile ile. Hakuna kilichozama. Umeigusa, umeikandamiza ukipenda, lakini kuibonyeza hujaibonyeza.

Turudi chomboni. Tamthilia ya Star Trek ya mwaka 1966 ina vitufe na swichi zilizochomoza mezani. Hapo andikeni "alibonyeza" bila wasiwasi. Lakini katika Star Trek: The Next Generation, iliyoanza 1987, Michael Okuda alisanifu mbao bapa: filamu, yaani utando mwembamba wenye rangi na maandishi, imepachikwa nyuma ya plastiki angavu, na taa zinaiangaza kwa nyuma. Ilikuwa nafuu kuliko kuunda swichi moja moja. Mwigizaji anaweka kidole juu ya bapa lisilo na kitufe hata kimoja. Kibonyee nini? Aligusa, aligonga, alipitisha kidole.

Kuhusu skrini na paneli, yote mawili ni ya mkopo kutoka Kiingereza, na yote yanafaa. Amueni kwanza mnaeleza nini. Ndani ya hadithi ile ni skrini, kwa kuwa wahusika wanasoma taarifa zinazobadilika. Mkieleza seti yenyewe, ubao wa filamu na taa ni paneli. Skrini ni pale palipofichwa televisheni ya kweli. Hizo zilikuwa na taabu yake: kamera ya filamu hupiga picha 24 kwa sekunde, televisheni ya Marekani ya wakati ule ilionyesha takriban 30, na zisipolinganishwa mistari ilipita juu ya picha. "Kioo" waachieni mafundi simu.

Ile "bonyeza hapa" ya kwenye simu imeshazoeleka tangu enzi za vitochi, nami sigombani nayo tena. "Bofya" ni neno la anayepima embe kwa vidole kama limeiva. Kwenye kipanya cha kompyuta naikubali, kwa sababu kitufe chake kinazama kweli.