Chaja ya gari la umeme nyumbani: waya kwanza, chaja nunua mwisho

Mkuu, hela ya chaja usiitume bado. Umeandika kwamba Nissan Leaf yako, gari la umeme lenye betri ya kWh 40, iko njiani kutoka Japani, muuzaji wa Kariakoo amekuwekea chaja ya ukutani ya kW 22 eti "kubwa ndiyo inawahi kujaza", na fundi wako kasema hakuna haja ya kuvuta waya mpya: ataiunga kwenye laini ya kiyoyozi cha sebuleni, kisha atoe breka ya 20A aweke ya 32A. Halafu ukauliza programu ipi ya simu ni nzuri, sola itatosha au la, bili itapanda kiasi gani, na chaja ikae nje au ndani ya banda la gari. Hayo mengine yanasubirika. Hiyo habari ya breka haisubiriki.

Breka imewekwa pale kulinda waya. Chaja ina ulinzi wake, gari lina ulinzi wake, ila waya uliofukiwa ukutani una breka tu. Laini ya kiyoyozi kwenye nyumba zetu karibu zote imevutwa kwa waya wa 2.5, yaani milimita za mraba. Kwa majedwali ya BS 7671, kanuni ya Uingereza ya kufunga umeme, waya wa 2.5 wa shaba ukiwa peke yake ndani ya bomba la PVC unabeba 24A, na hesabu hiyo ni ya joto la nyuzi 30. Sasa panda juu ya dari yako Dar es Salaam saa tisa mchana, chini ya bati. Ukikuta nyuzi 45 unazidisha kwa 0.79, unabaki na 19A. Ndiyo maana aliyejenga aliweka breka ya 20A, na hata hiyo alijipimia kwa kubana.

Fundi wako anaweka 32A. Breka ya 32A kwa kanuni inaruhusiwa kubeba karibu 36A saa nzima bila kukatika. Leaf yako, kama ilikuja na chaja ya kW 6 iliyomo ndani ya gari, inavuta karibu 26A. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaongeza kama 5A. Jumla 31A kwenye waya wa 19A, na breka inatulia kimya usiku kucha kwa sababu hakuna kosa inaloliona. Hata Leaf ya kW 3 haikuokoi: karibu 15A ya gari na 5A ya kiyoyozi, tayari umevuka.

Mtu atasema mbona jiko la umeme na pasi vinavuta sana na hakuna kilichoungua. Pasi inajizima kila joto likifika. Kiyoyozi nacho kinapumzika. Gari linavuta kiwango kilekile bila kupumzika saa nane mfululizo, na joto kwenye waya linapanda kwa mraba wa ampea: ukitoka 16A kwenda 32A, joto ni mara nne. Na waya wenyewe huwa wa mwisho kuungua. Panapoanza ni kwenye maungio: kile kiboksi cha darini ambacho nyaya zimesokotwa na kufungwa teipu, na skrubu ya breka ambayo haikukazwa. Ungio bovu lenye ukinzani wa omu 0.05 tu, likipitisha 32A, linatoa wati 51 mahali padogo kama kidole. Hiyo ni pasi ya kulehemu risasi umeiwasha ndani ya plastiki, juu ya mbao za kenchi, ukaenda kulala.

Na dalili ya kwanza huwa nini? Breka inaanza kukata. Fundi wa namna hii anaichukulia breka kama mgonjwa, anaitibu kwa kuiongezea ukubwa. Nimefungua bodi za breka za hivyo, plastiki imekuwa ya kahawia na inanuka samaki, na mwenye nyumba anakuambia "tangu alivyobadilisha breka haijasumbua tena". Haiwezi kusumbua, imeshanyamazishwa! Wanaouza ushauri huu wanalipwa siku ya kufunga na hawalali kwenye nyumba hiyo. Hasira zangu ziko hapo, si kwako.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na ufuate kwa mpangilio huohuo.

Anza na mita. Kwenye uso wa LUKU yako pameandikwa kitu kama 5(60)A au 10(100)A. Namba ya kwenye mabano ndiyo mwisho wa mita. Ya 60A kwa fezi moja ni kama kW 13.8 kwa nyumba nzima: jiko, hita ya maji, viyoyozi, pampu, vyote. Gari likichukua 32A, wengine wanagawana 28A. Ndiyo maana linachajiwa saa sita usiku na si saa moja jioni, na huhitaji programu ya simu kwa hilo, taima imo ndani ya gari. Kwa Kijapani, lakini imo.

Pili, ethi, yaani waya na fimbo ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Usikubali fundi akupimie kwa multimita kati ya waya wa moto na ethi, aone 230V, aseme ethi ipo. Multimita haivuti mkondo wa maana, itaonyesha 230V hata kama fimbo imekatika nusu na kuoza. Inatakiwa mashine ya kupimia ethi, ile yenye vijiti viwili vya kuchomeka ardhini. Ardhi ya mchanga na matumbawe ya pwani kiangazi inakuwa mbaya sana, fimbo moja fupi ya shaba mara nyingi haitoshi. Unaongeza ya pili mbali na ya kwanza kwa angalau urefu wa fimbo, unaziunga. Chaja nyingi hupima ethi kabla ya kuanza, zikiikosa zinawasha taa nyekundu na kugoma. Hapo ndipo unakutana na ujanja wa pili: fundi anaunga nyutro na ethi ndani ya chaja, taa inageuka kijani, anachukua chake anaondoka. Siku nyutro ikikatika nguzoni, bodi lote la gari linakuwa na umeme, na wa kwanza kugusa mlango ni mtoto. Ukimwona fundi anafanya hivyo, mlipe nauli arudi kwao.

Tatu, waya mpya kutoka kwenye bodi kuu hadi kwenye chaja, peke yake ndani ya bomba, bila ungio lolote njiani. Kama njia inapita ukutani penye kivuli na breka ni ya 32A, waya wa 6 unatosha: 41A kwenye jedwali, na kwa nyuzi 40 unabaki na 35A. Ikipita darini chini ya bati unabaki na 32A kamili bila akiba, kwa hiyo weka wa 10. Usiuchanganye na laini nyingine ndani ya bomba moja, nyaya zinapashana joto na unapoteza asilimia 20 nyingine. Kwa mita 25, waya wa 6 kwa 32A unapoteza volti 5.8, ni sawa. Wa 2.5 ungepoteza 14.4, na jioni umeme wenyewe ukishuka hadi 200V gari litaanza kukataa.

Waya feki upo tele, alumini iliyopakwa shaba. Sumaku haikusaidii, hainasi shaba wala alumini. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Pima na kipenyo: waya halali wa 6 wenye nyuzi saba, kila uzi una milimita 1.04. Wa 10, milimita 1.35. Fundi asiye na venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, atakucheka, mwache acheke.

Nne, kwenye bodi. Breka ya 40A kwa chaja ya 32A ikiwa waya ni wa 10. Kwa waya wa 6, breka ya 32A na chaja ishushwe hadi 25A kwa vile viswichi vidogo vilivyo ndani yake au kwenye mipangilio. Kisha kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha 30mA, cha gari peke yake. Angalia alama iliyochorwa: wimbi moja tu ni aina ya AC, na hiyo haifai, kwa sababu gari linaweza kuvujisha mkondo wa DC, kama ule wa betri, unaoipumbaza isikate siku inayotakiwa. Unataka aina A, yenye wimbi na nusu-mawimbi chini yake, pamoja na chaja iliyoandikwa kuwa inagundua DC ya 6mA ndani yake. Kama chaja haina hicho, utahitaji aina B, ambayo ni ghali kiasi kwamba utatamani ungesoma lebo ya chaja kwanza. Ongeza kifaa cha kuzuia volti zinazoruka ghafla (surge), maana umeme ukikatika huwa unarudi kwa fujo. Aliyefunga awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, na umwombe akuonyeshe.

Sasa ndiyo chaja. Kile kiboksi cha ukutani hakichaji kitu, kinaliambia gari tu "ruhusa ni ampea kadhaa". Chaja halisi imo ndani ya gari, nayo kwenye Leaf ya Japani ni kW 3 au kW 6, fezi moja. Hiyo kW 22 inahitaji fezi tatu za 32A kila moja, wewe una moja, na hata ungekuwa nazo Leaf ingetumia moja tu. Unalipia kitu ambacho gari lako halina mdomo wa kukilia. Chaja ya fezi moja ya 32A, inayoshushika hadi 16A au chini, inatosha na inabaki. Nunua isiyo na waya wa kudumu, yenye tundu la Type 2 (umbo la Ulaya), halafu ununue waya wa Type 2 kwenda Type 1 (umbo la tundu la Leaf yako). Ukija kununua gari lenye Type 2 unabadilisha waya peke yake. Magari yaliyoletwa moja kwa moja kutoka soko la China yana tundu la GB/T, linafanana na Type 2 kwa mbali lakini haliingii, ulizia kabla.

Ule waya wa kuchajia utakaokuta kwenye buti umeandikwa 200V 15A. Usiuvalishe adapta ya pini tatu za 13A ukauacha usiku kucha. Soketi ya 13A ni ya 10A kwa kazi ya saa nyingi, ukizidisha inayeyuka na pini yako ndani.

Bili: ukitembea kilomita 50 kwa siku ni kama uniti 8, mwezi 240. Tarifa ya D1, ile nafuu ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, umeiaga; utakuwa T1, ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi kwa bei zilizopangwa 2016, yaani kama 70,000 kwa mwezi. Sola nimechoka kuandika, uliza kwenye uzi wake.

Tuma hapa namba ya kwenye mabano ya mita, kipimo cha ethi kwa omu, urefu wa njia kutoka kwenye bodi hadi gari litakapolala, na kama karatasi za mnada zinasema kW 3 au kW 6. Kwa hizo nne tunakuambia uchukue chaja ipi.