Re: Vigae vya vyungu shambani Kondoa, wataalam wanajuaje vilitengenezwa wapi?

Mkuu swali lako zuri sana, vigae vinaongea kuliko watu wanavyodhani. Umeuliza wanajuaje kama chungu ni cha hapohapo Kondoa au kilibebwa toka mbali. Kwanza wanakata kipande chembamba wanakisaga mpaka kibaki unene wa milimita 0.03 hivi, hapo mwanga unapita, wanakiweka kwenye hadubini ya mawe na kuangalia mchanga uliomo ndani ya udongo. Sasa huku kwetu Dodoma mawe mengi ni graniti, kwa hiyo unategemea kuona madini yake, yaani kwatzi, feldispa na maika, lakini ukikuta chembe za mawe ya volkano basi unaanza kuuliza, huu udongo si umetoka upande wa Hanang, ule mlima wa volkano, au kaskazini zaidi huko? Halafu kuna mashine za eksirei zinapima kemikali, ila peke yake haitoshi, lazima uchukue na udongo wa mabonde ya jirani ulinganishe, watu wengi wanaruka hii hatua na inaniuma kwelikweli.

Ufinyanzi nao unaonekana, chembe na vitundu vinalala kufuata jinsi mfinyanzi alivyovuta udongo, na kiini cheusi katikati mara nyingi ni dalili kilichomwa haraka kwenye moto wa wazi.

Tafadhali usivioshe kwa sabuni, mafuta ya chakula cha zamani hunywewa na udongo na yanapimika. Na usiendelee kuchimba mkuu, piga picha, andika vilikokuwa, kisha waone watu wa Idara ya Mambo ya Kale ya serikali.