Themostati Si ya Nchi za Baridi Pekee

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli niliyoirithi kwa marehemu baba. Nikiwa mjini Malindi haina neno, lakini nikishapita Mambrui kuelekea Marafa mshale wa joto hupanda hadi kwenye alama nyekundu, ikanilazimu kusimama kivulini. Fundi wa mtaani ananishauri tuitoe themostati na kuitupa, kwa kuwa katika joto la pwani haina kazi. Je, iko wapi, na nimfuate?
Msomaji, Shella, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Themostati ni kilango kinachozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta hadi yapate moto wa kutosha. Kuitoa ili ipimwe ni sawa. Kuitupa, nakusihi usikubali. Maji ya injini yanatakiwa kufika nyuzi 80 na zaidi, iwe ni Malindi ya mwezi wa Machi au ni Uingereza ilikoundwa gari hiyo, ndipo oili ilainike na petroli iungue vizuri. Pasipo themostati, gari la safari fupifupi halifiki hapo, hula mafuta, na kuta za silinda husagika kabla ya wakati wake. Isitoshe, katika baadhi ya injini themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu, hivyo ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemka kuliko awali.

Kuipata, fuata mpira mkubwa wa juu kutoka kwenye rejeta hadi unapoishia mbele ya kichwa cha injini. Themostati imelala chini ya kofia ya chuma iliyoshika mpira huo. (Baadhi ya Toyota huwa nayo upande wa mpira wa chini, kwa hiyo asiye na Land Rover aangalie huko pia.)

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na punguza maji ya rejeta kwanza. Panapohitaji subira ni kwenye bolti. Chumvi ya hewa yetu huzishikanisha na chuma, na bolti ikikatikia ndani utaingia gharama ya kuitoboa. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku, zigonge vichwa taratibu, kisha legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena, hadi uisikie inalainika mkononi.

Ukishaitoa, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, uyachemshe polepole. Nyuzi zilizochapwa kwenye bati lake, mathalani 82, ndizo inapoanza kufunguka. Hata bila kipimajoto utapata jibu, kwa maana sisi tuko usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 100: ikiwa yanatokota nayo bado imefumba, au imefunguka upenyo mdogo tu, imekufa, nunua nyingine ya nyuzi zilezile. Unapoifunga, upande wa springi uelekee injini, na kama ina kipini kidogo kinachochezacheza kiwe juu ili kitoe hewa. Kwangua gasketi (karatasi inayozuia maji yasivuje) ya zamani yote, weka mpya, na kaza bolti kwa zamu.

Hata hivyo, themostati iliyoshikana kabisa ingechemsha gari lako hata hapo mjini. Kwa kuwa tatizo huja njia ndefu tu, ninashuku zaidi kwamba inafunguka nusu, au rejeta imeziba. Ukiona unga mweupe au kutu mdomoni mwa rejeta ulipovua mpira, hiyo ni dalili ya maji ya kisima yenye chumvi. Ipeleke rejeta kwa fundi wake aizibue, na kuanzia hapo tia maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu).