Re: Mwitaliano gani aliwahi kushinda Safari Rally?

Mkuu, unayemuulizia ni Miki Biasion, mzaliwa wa Bassano del Grappa. Na hakushinda Safari mara moja kama ulivyosikia: alishinda 1988, akarudi 1989 akabeba tena, mara zote na mwelekezi wake Tiziano Siviero ndani ya Lancia Delta Integrale. Ule wa 1988 ndio uliokata kiu ya Lancia, maana walikuwa wamehangaika na matope na mashimo ya Kenya miaka mingi bila kushinda.

Miaka hiyohiyo miwili ndiyo aliyotwaa ubingwa wa dunia wa madereva wa rally. Hadi leo hakuna Mwitaliano mwingine aliyeupata baada yake.

Ushindi wake wa kwanza katika raundi ya mashindano ya dunia ulikuwa Argentina 1986, akiendesha Lancia Delta S4, moja ya yale magari ya Kundi B (daraja la magari ya rally yenye nguvu kubwa mno) yaliyopigwa marufuku mwaka huo ulipoisha kwa sababu ya vifo. Baadaye alihamia Ford, akashinda Acropolis, rally ya Ugiriki, 1993 kwa Escort. Jumla alishinda raundi 17 za mashindano ya dunia. Mimi bado naziweka zile Safari mbili juu ya yote.