Usimfundishe mtoto kuandika saa kwa nukta

Futa wazo hilo la nukta kabla mtoto hajalizoea. Umeuliza mambo manne kwa mpigo: mtoto aanze na saa ya mishale au ya tarakimu, mfumo wa saa 24 afundishwe lini, mazoezi yawe ya namna gani, na kama ni sawa kufuata ushauri uliopewa na rafiki kwamba saa 2:40 iandikwe 2.40 ili kujumlisha na kutoa kufanyike kwa safu za kawaida au kwa kikokotoo. Matatu ya mwanzo yanaweza kusubiri. Hili la nne haliwezi, kwa sababu umeandika kwamba unakusudia kuanza nalo wiki hii, na mimi ninajua linakoishia.

Chukua mtoto aliyeanza kazi yake ya nyumbani saa 8:40 mchana na kuimaliza saa 11:15 jioni. Kwa nukta ataandika 11.15 kutoa 8.40 na kupata 2.75, na hapo ana njia mbili za kupotea. Akisoma kwamba ni saa 2 na dakika 75, atazigeuza dakika hizo 75 kuwa saa moja na dakika 15, kisha atakuletea jibu la saa 3 na dakika 15. Akikumbuka somo la desimali kwamba 0.75 ni robo tatu, atakuletea saa 2 na dakika 45. Muda halisi ni saa 2 na dakika 35. Chanzo cha kosa ni kimoja: alipokopa kutoka safu ya saa alipewa 100 mahali pa 60, kwa hiyo kila akikopa anaongezewa dakika 40 ambazo hakuna saa iliyowahi kuzihesabu.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haikosei kila mara. Kuanzia saa 8:10 hadi saa 10:30, nukta itatoa 2.20, na jibu hilo ni sahihi kabisa kwa kuwa hapakuwa na haja ya kukopa. Mtu akikupa mifano mitatu ya aina hiyo utaondoka umeridhika, utamshukuru, na utakwenda kuwafundisha wengine. Ndivyo ilivyoenea, na ndivyo ilivyonifikia mimi.

Nilifundishwa nukta nikiwa mtu mzima, tena na mtu aliyelipwa ili anifundishe. Nilikuwa nimekabidhiwa karatasi za mahudhurio za wafanyakazi wanaolipwa kwa saa, nikajiandikisha katika kozi fupi ya utunzaji wa hesabu, na mwalimu wa kozi hiyo akatuambia, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali la pili, kwamba palipo na nukta pacha tuweke nukta moja na mengine tukiachie kikokotoo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Sikunyoosha mimi pia, na kabla hujanicheka kumbuka kwamba wewe ndiye uliyekuja hapa ukiuliza kama dawa hiyohiyo inamfaa mtoto.

Basi mfanyakazi akifanya kazi saa 7 na dakika 45 siku ya kwanza, na saa 8 na dakika 30 siku ya pili, mimi niliandika 7.45 na 8.30, nikajumlisha, nikapata 15.75, nikazidisha kwa malipo ya saa moja. Ukweli ni kwamba alikuwa amefanya kazi saa 16 na robo, yaani 16.25. Katika siku mbili tu nilikuwa nimemnyima nusu saa, na karatasi ilikuwa safi, mistari imenyooka na jumla imepigiwa mstari mara mbili kwa rula.

Mahali nusu saa ilipopotelea panaeleweka ukijua kikokotoo kinasoma nini. Kikiona 7.45 hakisomi dakika 45, bali kinasoma saa 7 na sehemu 45 za mia za saa, ambazo ni dakika 27 tu, kwa kuwa sehemu moja ya mia ya saa ni sekunde 36. Vilevile 8.30 kwake ni saa 8 na dakika 18. Dakika 18 zilipotea siku ya kwanza na 12 siku ya pili. Kwa maneno mengine, kila dakika iliyoandikwa baada ya nukta ilipoteza sekunde 24, na sekunde 24 huonekana kuwa mzaha hadi uzizidishe kwa dakika zote za watu wote wa zamu zote.

Lililoniuma zaidi nilipolielewa ni kwamba kosa hili linaelekea upande mmoja tu. Makosa mengi ya hesabu yana huruma fulani, leo yanampunja mtu na kesho yanamzidishia, na mwisho wa mwezi yamekaribia kufidiana. Hili halina huruma hiyo. Gawanya idadi yoyote ya dakika kwa 100 na utapata kidogo kuliko ukiigawanya kwa 60, kwa hiyo hapakuwa na siku hata moja ambayo nukta yangu ilimpendelea mfanyakazi. Aliyetoka kazini saa kamili hakuguswa. Aliyebaki dakika chache kumalizia kazi ndiye aliyekatwa, na kadiri dakika zake zilivyokaribia 60 ndivyo alivyokatwa zaidi. Nilikuwa ninawaadhibu watu wenye bidii kwa usahihi mkubwa.

Aliyeligundua ni mlinzi wa usiku aliyekuwa na daftari lake mwenyewe, ambaye alihesabu zamu zake kwa vidole na kupata zaidi ya nilichomwandikia. Alikuja kwa adabu. Mimi nilimjibu kwa kumwonyesha kioo cha kikokotoo kana kwamba ni hukumu ya mahakama, kisha nikarudia hesabu mbele yake, na bila shaka jibu likawa lilelile, kwa sababu kikokotoo hakikuwa kimekosea hata mara moja. Akaniuliza swali moja tu: kama nusu saa ni dakika 30, mbona hapa mbili zake zinaleta 0.60 na si saa moja? Sikuwa na la kusema. Ilibidi karatasi zote za nyuma zifunguliwe upya na malimbikizo yalipwe, na tangu hapo karatasi zangu zikawa zinapitiwa na mtu wa pili, kijana ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kutumia mashine ya kutolea nakala. Yule mwalimu wa kozi, nilipomtafuta, alinijibu kwamba wengi wanaitumia njia hiyo na hajawahi kupata malalamiko. Ninaamini hakupata. Malalamiko huenda kwa anayeandika karatasi, hayaendi kwa aliyemfundisha.

Ningemtetea kwa jambo moja: angefundisha Ufaransa mwaka 1794 angekuwa sahihi. Serikali ya Mapinduzi ya Ufaransa ilipitisha mwaka 1793 mfumo wa siku yenye saa 10, kila saa dakika 100 na kila dakika sekunde 100, na katika mfumo huo 7.45 ni saa 7 na dakika 45 bila ubishi wowote, isipokuwa saa yao moja ilikuwa sawa na saa 2 na dakika 24 za kwetu. Mwaka 1795 ulazima wa kuutumia ulisitishwa. Dunia ikabaki na 60 ya Wababeli, namba ambayo inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30 bila kubakiza kitu, wakati 100 hushindwa hata na 3. Theluthi ya saa ni dakika 20 kamili. Iandike kwa desimali uone kama utafika mwisho wa 0.333.

Wakati hayo yakitokea kazini, nyumbani nilikuwa nimekwisha kumrithisha mwanangu nukta, na hapa ndipo swali lako liliponigusa. Mimi niliacha siku ileile niliyoaibika. Yeye hakuacha, kwa sababu mtoto aliyefundishwa na mzazi wake njia ya mkato iliyomletea alama za vema katika maswali mepesi haoni sababu ya kuiacha. Mwalimu wake alipomwekea mkasi wa kosa alidhani mwalimu ndiye hajui. Ilichukua muda mrefu kumwondolea kitu ambacho nilimpa jioni moja, na kila alipokuwa na haraka, hasa katika mtihani, mkono wake ulirudi kwenye safu na kukopa mia.

Kanuni ninayoishikilia sasa ni moja: fika kwanza kwenye saa kamili. Usitoe saa kutoka saa nyingine, bali tembea kutoka ya mwanzo hadi ya mwisho na uhesabu ulichopita. Kutoka 8:40 hadi 9:00 ni dakika 20. Kutoka 9:00 hadi 11:00 ni saa 2. Kutoka 11:00 hadi 11:15 ni dakika 15. Unganisha dakika na dakika, nazo ni 35, kisha saa ziache pale zilipo. Hakuna kukopa, hivyo hakuna mahali pa kukopa vibaya. Njia hii pia haibabaiki saa inapovuka 12, jambo ambalo safu haziliwezi kabisa. Kutoka saa 10:40 jioni hadi saa 1:25 usiku ni dakika 20 kufikia 11:00, saa 2 kufikia 1:00, na dakika 25 za mwisho, yaani saa 2 na dakika 45. Mtoto wa safu ataona kwamba 1.25 ni ndogo kuliko 10.40, atazigeuza, na atakuambia kwamba saa zilizopita ni 9 na dakika 15, bila hata kushtuka kwamba jioni ile imekuwa ndefu kuliko usiku.

Katika kujumlisha, dakika zikae peke yake na saa peke yake. Saa 1 na dakika 50 ukiongeza saa 2 na dakika 35 ni saa 3 na dakika 85. Katika 85 toa 60, beba saa moja, na jibu ni saa 4 na dakika 25. Ikibidi kikokotoo kitumike, kila kitu kigeuzwe dakika kabla ya kukigusa: zile zamu mbili nilizozikosea zilikuwa dakika 465 na dakika 510, jumla 975, na 975 ukigawa kwa 60 unapata 16 na kubakiwa na 15. Desimali inaruhusiwa kuingia kwa mlango mmoja tu, nao ni kugawa dakika kwa 60.

Na usidhani kompyuta itakuokoa. Baada ya aibu ile nilihamia kwenye lahajedwali, yaani programu ya kompyuta inayofanya hesabu ndani ya visanduku vya jedwali, nikajumlisha wiki ya mtu aliyefanya kazi saa 38 na dakika 45, nayo ikanionyesha 14:45. Haikuwa imekosea. Kisanduku kilikuwa kimepangwa kuonyesha saa ya siku, kwa hiyo kilipopita 24 kilianza upya. Kinatakiwa kupangwa kionyeshe muda uliopita. Safari hii nilimwita yule kijana kabla mlinzi hajaniita mimi.

Kuhusu saa ya kununua, chukua ya mishale, kwa sababu kule kutembea hadi saa kamili mtoto anakuona kwa macho: mshale mrefu unapanda hadi kwenye 12, nao mfupi unafika kwenye namba. Ila mwonyeshe mapema kwamba mshale mfupi hausubiri kwenye namba kisha ukaruka. Husogea nyuzi 30 kwa saa nzima, nusu ya nyuzi kwa kila dakika, na ifikapo 2:50 unakuwa umeikaribia sana 3, ndiyo maana watoto wengi husoma 3:50. Aulizwe mshale mfupi umetoka wapi, asiulizwe umekaribia wapi.

Kabla ya kuendelea na lolote, mpe maswali haya matatu uone kama nukta imekwisha kumwingia, maana huenda amekwisha kuipata kwa rafiki huyohuyo aliyekupa wewe: kutoka 2:50 hadi 5:10, kutoka 3:35 hadi 7:05, na kutoka 4:45 hadi 6:00. Majibu ni saa 2 na dakika 20, saa 3 na dakika 30, saa 1 na dakika 15. Mtoto wa nukta ataandika 2.60, 3.70 na 1.55. Mawili ya kwanza yatajifichua yenyewe, kwa kuwa dakika zikifika 60 zinapaswa kuwa zimegeuzwa saa nyingine, na hata yeye anaweza kushangaa. La tatu ndilo la kulitazama. Dakika sahihi zikiwa pungufu ya 20, zile 40 za ziada hazifikishi 60, na jibu la uongo linatoka limevaa sura ya saa halali. Saa 1 na dakika 55: utaliwekea alama ya vema bila kufikiri, kama nilivyokuwa nikifanya.